Nipe Mji: Mwongozo wa Kumwingiza Mgeni Mchezoni

Ukifika Lamu wakati wa tamasha la utamaduni, simama kidogo Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya ngome. Wazee wamekaa kwenye bao, kete zinalia mashimoni, na wageni wamewazunguka, simu mkononi. Mgeni anapiga picha moja, anapiga ya pili, anatabasamu, anakwenda zake. Hakuuliza kitu, hakugusa kete, na jina la mchezo huenda hakulisikia.

Mara moja nilimwona mzee akifanya jambo dogo ambalo mpaka leo ndilo ninaloanza nalo ninapoitwa kusaidia kuandaa tamasha. Binti mmoja, mgeni kutoka bara, alikuwa akichungulia nyuma ya mabega ya watu. Mzee hakumweleza kanuni hata moja. Alivuta bao la pili lililokuwa kando, akamwekea kete tano kiganjani, akamwonyesha shimo. "Haya mwanangu, tia moja moja. Zikikwisha niambie umefika wapi." Binti akatia. Kete ya mwisho ikaangukia shimo lenye wenzake. "Chota hizo, endelea." Akachota. Nilipopita tena baada ya nusu saa, alikuwa amevua viatu, ameketi mkekani, anambishia kijana aliyekuwa mbele yake.

Wewe unayeandaa tamasha, maonyesho, siku ya utamaduni ya shule au sherehe ya mtaa, kazi yako ni hiyo ya yule mzee, ila uifanye kwa watu mia tatu badala ya mmoja. Mgeni awekewe kitu mkononi kabla hajaelezwa kitu.

Tazama kwanza kilichopo

Waandaaji wengi huanza kwa kutafuta kampuni ya kuwatengenezea programu ya simu, na mchezo wenyewe umelala uani kwao. Sherehe zetu zimekuwa michezo tangu zamani. Ngoma ya beni, iliyoenea kutoka mwambao hadi bara mwanzoni mwa karne ya 20, ilisimama juu ya ushindani wa vyama, Marini upande huu na Arinoti upande ule, kila chama na sare zake na vyeo vyake. Unguja, kikundi cha taarabu cha Akhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905 na kile cha Mila na Utamaduni mwaka 1958, na wapenzi wa taarabu wanajua utamu unaopatikana watu wanapokuwa na upande wao.

Au nenda Makunduchi mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa mashina ya migomba, kinyongo cha mwaka kinatoka, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto na kila mtu anajua kwamba mchezo umekwisha. Ukitazama kwa jicho la mwandaaji utaona kila kitu unachokihitaji. Kuna pande mbili, kuna silaha isiyoua, kuna uwanja wenye mpaka, na kuna mwisho unaoonekana kwa macho. Kuna pia nafasi ya mgeni, maana wenyeji huona si vizuri nyumba kupitisha siku hiyo bila mgeni. Yeye hapigani, lakini asipokuwepo kuna kitu kimepungua. Jiulize swali hilo kuhusu tamasha lako: mgeni asipokuja, kuna kiti kitakachobaki kitupu, au ni viingilio tu vitakavyopungua?

Katika yote tuliyonayo, mimi nimejifunza zaidi kwenye vitendawili. Unaujua utaratibu. Mmoja anasema "Kitendawili!", wengine wanaitika "Tega!", anatega. Wakishindwa kukitegua, anadai mji. Wanampa Mombasa, au Bagamoyo, au Tabora, naye anaupokea, anasimulia alivyofika huko, alivyokula na kunywa na kusalimiwa na kila mtu, watu wanacheka, ndipo anatoa jibu. Angalia vizuri kilichotokea. Walioshindwa wamelipa kitu ambacho si chao, wamepewa kisa, wamepewa na jibu. Hakuna aliyeaibika wala kutolewa uwanjani. Mchezo wa tamasha ukipimwa kwa kipimo hicho utajua mara moja kama unafaa: aliyeshindwa anaondoka na nini?

Safari ya vitendawili

Sasa nikuonyeshe mchezo mmoja kwa ukamilifu wake, nao unaweza kuubadilisha ufae mahali pako.

Chapisha kadi nene, si karatasi ya kawaida, kwa sababu itashikwa na mikono yenye jasho na mafuta ya sambusa siku nzima. Itoboe tundu, utie uzi, mgeni aivae shingoni. Kwenye kadi andika vitendawili vitano hadi saba. Jibu la kila kimoja liwe kitu au mahali panapoonekana ndani ya eneo la tamasha, na mahali hapo awepo mtu: fundi wa nakshi, mama wa hina, nahodha, mshona kofia, muuza kahawa.

Vitendawili vitunge wewe na watu wa mtaa, kwa ajili ya mtaa huo. Vya vitabuni kila mtoto ana majibu yake. Kwa mji wa mawe kama Lamu unaweza kutunga hivi: "Kuta zangu zilizaliwa baharini, lakini hazijui kuogelea." Hiyo ni nyumba ya mawe ya matumbawe. "Nina nyumba thelathini na mbili, wapangaji wangu hawana miguu na kutwa wanahama." Hilo ni bao, lenye mashimo 32 na kete 64. "Bibi harusi wa baharini, akivua shela harusi imekwisha." Jahazi na tanga lake. Kitendawili kizuri cha tamasha humfanya mtu ainue kichwa na kutazama huku na huko. Kinachomfanya ainamishe kichwa afikirie peke yake, kiache kwa ajili ya barazani usiku.

Utaulizwa kuhusu wageni wasiojua Kiswahili. Ushauri wangu ni kwamba maelezo ya namna ya kucheza yaandikwe kwa lugha zao, lakini vitendawili vibaki Kiswahili. Mgeni wa namna hiyo hana njia ila kumtafuta mtu anayekijua na kumwomba msaada, na hapo ndipo mchezo wake unapoanza. Nimeona watu wawili wasiojuana wakibishana robo saa juu ya neno "tanga", mmoja akichora kwa kidole mchangani. Ukiwatafsiria kila kitu unawanyima robo saa hiyo.

Mgeni akifika mahali sahihi asigongewe muhuri papo hapo. Kwanza atende. Kwa fundi wa nakshi, ashike patasi na nyundo agonge mara tatu kwenye kipande cha mbao kilichotengwa, mkono wa fundi ukiwa juu ya wake. Kwa nahodha, afunge fundo na kulifungua. Kwa muuza kanga, achague moja na kulisoma jina lake kwa sauti, kisha aeleze angempa nani na kwa nini. Hiyo ya kanga inashinda zote kwa kicheko, kwa sababu mgeni huchagua rangi, akisoma maneno anakuta amemchagulia mama mkwe wake matusi.

Utaratibu huu wa tendo kwanza na muhuri baadaye nausisitiza kwa sababu mihuri ina historia ya kuwalevya watu. Kwenye maonyesho ya dunia ya Montreal mwaka 1967 tiketi ilitengenezwa mfano wa pasipoti, na mgeni aligongewa muhuri kwenye mabanda ya nchi. Dubai nao waliuza pasipoti za aina hiyo kwenye Expo iliyofanyika kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022. Ni wazo zuri, na watu hutunza vitabu hivyo miaka mingi. Lakini muhuri ukipatikana bure, mtu anaingia banda, anagongewa, anatoka na hajui alikuwa banda la nani.

Je, aliyeshindwa kitendawili? Huyo atoe mji. Aende kituo chochote, aseme "nawapa mji", ataje anakotoka na jambo moja la huko ambalo wenyeji hawalijui. Msimamizi anaandika kwenye daftari kubwa, kisha anamwonyesha jibu lilipo. Katika tamasha moja tulilotumia mtindo huu, daftari lilijaa kuliko nilivyodhani. Mtu wa Kisumu aliandika namna ya kujua kama samaki ni wa asubuhi au wa jana. Mama mmoja aliyekulia Maskati alieleza Kiswahili walichokuwa wakizungumza nyumbani kwao na nje wanazungumza Kiarabu. Wapo waliojua jibu kabisa na bado wakatoa mji, kwa sababu walitaka kuandikwa.

Piga hesabu ya foleni

Mchezo mwingi mzuri umeuawa na foleni. Chukua wageni 300, kila mmoja akikaa dakika 2 kwa fundi wa nakshi. Hizo ni dakika 600, yaani saa 10, na siku yako ya tamasha haina saa hizo. Wachezeshe makundi ya watu wanne kwa dakika 3: makundi 75, dakika 225, chini ya saa 4. Fundi anapata nafasi ya kunywa maji, na watu wanne wanaosaidiana wana furaha kuliko mmoja anayetazamwa. Tena kadi zisianze zote na kitendawili kimoja. Zichapishe kwa mpangilio tofauti tofauti ili asubuhi watu watawanyike.

Zawadi

Hapa niliharibu mwenyewe, na sitaki uharibu. Mwaka mmoja tuliweka baiskeli mpya kwa atakayekuwa wa kwanza kukamilisha kadi. Tuliiegemeza jukwaani, ikang'aa. Kabla ya adhuhuri watoto walikuwa na kadi tano tano shingoni, vijana wanauza kadi zilizokwisha kugongwa karibu na lango, na mama mmoja aliyekuwa akipaka hina alisukumwa mpaka piko ikamwagika kwenye nguo yake. Wageni waliokuwa wakitembea taratibu walirudisha kadi. Baiskeli ilichukuliwa na kijana aliyekimbia vituo vyote bila kusema neno na mtu yeyote, na hakuvunja sheria hata moja. Sheria tuliitunga sisi.

Tangu hapo sipendekezi zawadi kubwa kwenye mchezo wa wageni. Aliyekamilisha apewe kikombe cha kahawa na kashata kwa muuza kahawa, aketi mkekani kwenye fainali ya bao, au apande jukwaani apige ngoma kipigo kimoja kabla ya kikundi kuanza. Kipigo hicho hakigharimu chochote, na nimeona mtu mzima wa miaka hamsini akikisubiri kama mtoto.

Mashindano ya mabingwa ni jambo jingine. Mbio za punda za Lamu, mashindano ya mashua, bao la wakali, hayo yana heshima yake na zawadi yake, na mgeni hana kazi humo ila kushangilia. Basi mpe wa kumshangilia. Asubuhi ya mbio za mashua, mgeni achukue kitambaa kwenye kikapu bila kuchagua. Rangi ya kitambaa ni ya chombo fulani. Ateremke ufukweni, amtafute nahodha wa chombo hicho, aonyeshwe mlingoti, foromali, tanga na usukani, aambiwe upepo wa leo unataka nini. Saa mbili baadaye, chombo chake kikigeuza kwenye boya, atapiga kelele kuliko waliozaliwa hapo. Usiruhusu pesa iingie katika jambo hili. Ukianza kuuza vitambaa kwa matumaini ya kushinda kitu, umeingia kwenye kamari. Familia nyingi za pwani zitaondoka, na watakuwa na haki, mbali na kwamba bahati nasibu inataka vibali.

Simu

Tuliwahi pia kujaribu kadi za simu. Mgeni anaelekeza kamera kwenye alama iliyobandikwa ukutani, maelezo yanafunguka. Kwenye majaribio, tukiwa watu sita, kila kitu kilikwenda vizuri. Siku ya tamasha, watu elfu kadhaa wakiwa wanarusha picha kwa pamoja, mtandao ulilala. Ulipoamka, betri za watu zilikuwa zimekufa. Ila lililoniuma zaidi niliona pale ulipokuwa ukifanya kazi: mtu amesimama hatua mbili kutoka kwa fundi, anasoma habari za fundi yule yule kwenye kioo.

Simu ina kazi yake. Itumie kurekodi vitendawili vya wazee kwa ruhusa yao, kuwakumbusha wasimamizi ratiba, kutangaza matokeo. Ikae mbali na pale mgeni na mwenyeji wanapokutana.

Mahali pa kuweka kadi mfukoni

Mwaka 2016, Pokémon GO ilipoanza, watu walionekana wakiwinda vikatuni vya simu ndani ya jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi mjini Washington. Uongozi wa jumba hilo ukawaomba waache, na wa Auschwitz nao ukakataza. Sisi tuna mahali petu pa namna hiyo. Mkunazini, Unguja, penye kanisa la Kianglikana, palikuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Usiweke kituo pale, usiweke muhuri, usitunge kitendawili ambacho jibu lake ni minyororo. Makaburi na misikiti pia iache.

Lakini usiparuke kimya kimya, kana kwamba hapakuwepo. Katika kadi acha nafasi moja tupu, bila duara la muhuri, iliyoandikwa jina la mahali na maneno machache: hapa mchezo unasimama, ingia ukipenda, kadi itie mfukoni. Nilikuwa na wasiwasi watu wangeiona nafasi hiyo kama kosa la uchapaji. Hawakuiona hivyo. Wengi walikwenda.

Wanaokaa vituoni

Mchezo wako wote umekaa mikononi mwa hawa. Walipe. Fundi anayefundisha watu kugonga patasi kutwa nzima hauzi kitu siku hiyo, na mlo wa mchana na shukrani jukwaani havijazi pengo hilo. Nenda kwake nyumbani, mweleze, msikilize. Akisema mtu asiguse chombo fulani, usiulize mara mbili. Jioni moja kabla ya tamasha wakusanye wote wacheze safari nzima wenyewe. Mama wa hina atakwambia kitendawili chako kina majibu mawili, na atakuwa sahihi.

Andika kwenye kadi kwamba saa ya adhuhuri na alasiri vituo vinapumzika kwa sala, mgeni asije akadhani ametupwa. Kituo cha hina kiweke ndani ya ua kwa wanawake peke yao, kama wenye kituo wanapenda hivyo, na wengi wanapenda. Anayetaka kupiga picha aombe, na neno la kuombea lichapishwe kwenye kadi. Vituo angalau vitatu viwe mahali tambarare pasipo ngazi, kwa ajili ya wazee na wenye viti vya magurudumu. Kama unatumia ufuo, tazama jedwali la maji kabla hujachapa ratiba: siku za bamvua maji hupanda mpaka palipokuwa pamepangwa viti, na mashua haziondoki palipokauka.

Watoto wape kona yao, rede na mdako, na mtu mzima mwenye subira. Usiwachanganye na safari ya wakubwa kama hujajua kasi yao.

Wiki moja kabla, jaribu kwa watu watano: mtoto wa miaka kumi, bibi mmoja, kijana, mtu asiyeujua mji, na mtu ambaye anasema wazi kwamba hapendi michezo. Wafuate nyuma, ukae kimya. Utatamani sana kuwasaidia. Jizuie, andika tu waliposimama, walipokunja uso, walipocheka. Huyo wa mwisho ndiye muhimu. Akifika kituo cha tatu kwa hiari yake, chapisha kadi zako.

Baada ya siku

Usijipime kwa idadi ya kadi ulizogawa, hizo zinapimika hata kwenye pipa la taka. Waulize wasimamizi: ni wangapi waliorudi kituoni wakati muhuri wamekwisha kuupata? Wale ndio ninaowahesabu mimi. Fundi atawakumbuka kwa sura.

Lile daftari la miji lisome usiku wa mwisho, jukwaani, kabla ya kikundi cha mwisho kupanda. Usitaje majina ya watu. Taja mji, soma neno walilotuachia, nyamaza kidogo, fungua ukurasa mwingine. Mahali fulani katikati ya watu, gizani, mtu atasimama na kupaza sauti, "Huko ni kwetu!" Mwache aseme. Wasimamizi wawe wameambiwa mapema kwamba muziki usianze mpaka aketi.